Kinachopotea Jinja si chuma

Tangu makumbusho ya reli yafunguliwe katika stesheni ya mji wa Jinja, Uganda, mwaka 2022, nimesikia mambo mawili yakisemwa juu yake, na yote mawili yananisumbua. La kwanza ni kwamba pale ni mahali pa kuwapeleka wazungu wakishamaliza kutazama chanzo cha Mto Nile. La pili limepata nguvu tangu Oktoba 2024, Serikali ya Uganda iliposaini mkataba na kampuni ya Yapi Merkezi ya Uturuki wa kujenga reli ya kisasa ya kilomita 272 kutoka Malaba hadi Kampala: reli mpya inakuja, watu wanasema, kwa hiyo hii ya zamani ni vyuma chakavu, na hakuna nchi iliyoendelea kwa kutunza vyuma chakavu. Wanaosema hivyo si wajinga. Lakini wanaoyatetea makumbusho na wanaoyabeza wameingia katika kosa moja bila kujua, maana wote wanadhani kinachotunzwa ni chuma. Mimi naona urithi wa viwanda wa Jinja umo katika mikono, masikio na maneno ya watu waliofanya kazi, na watu hao wanatutoka upesi kuliko chuma kinavyoliwa na kutu. Urithi wa namna hiyo haushikiki kwa kupanga mashine na kuziwekea vibao. Unahitaji makumbusho ya sanaa ya Busoga nzima, eneo la mashariki mwa Uganda ambalo Jinja imo ndani yake, yenye wachoraji, wachongaji, wasimuliaji na waigizaji ndani yake.

Anayepita Jinja akielekea Kampala huliona daraja jipya la mwaka 2018 likining'inia kwa nyaya zake juu ya mto, hulipiga picha, akaenda zake. Bwawa la zamani lililo jirani halipigwi picha. Kwa miaka mingi askari wamekuwa pale kuhakikisha hilo. Matokeo yake ni kwamba jengo lililoubadilisha mji huu kuliko lolote jingine ndilo ambalo wakazi wake hawana hata picha yake ya kuweka sebuleni. Malkia Elizabeth wa Pili alilifungua tarehe 29 Aprili 1954 likiitwa Owen Falls, leo tunaliita Nalubaale, na mitambo yake 10 ya mwanzo iliundwa kutoa megawati 150. Ukilinganisha na megawati 600 za bwawa la Karuma utaona kidogo, lakini umeme ule ndio uliovuta kiwanda cha nguo cha Nyanza, maarufu kwa jina la Nytil, na ndio ulioyeyusha shaba. Wengi wa vijana wa Jinja hawajui kwamba shaba ya Kilembe, kule chini ya milima ya Rwenzori, ilikuwa ikisafirishwa kwa reli iliyofika Kasese mwaka 1956, ikavuka karibu nchi nzima, ili iyeyushwe hapa kwao. Mgodi ulisimama mwaka 1982. Kabla ya yote hayo kulikuwa na pamba, na reli fupi ya mwaka 1912 kutoka Jinja hadi Namasagali iliyochukua mizigo ya meli za Ziwa Kyoga. Kisha kiwanda cha sukari cha Kakira alichokianzisha Muljibhai Madhvani mwaka 1930. Kisha reli kuu ikavuka Nile na kufika Kampala mwaka 1931. Watu walikuja kutoka kila upande: Walugbara na Waalur wa West Nile kukata miwa, Wajaluo kutoka Kenya, Waacholi, Wasamia, Wahindi mafundi na makarani. Nyumba za mtaa wa Walukuba zilijengwa ili wafanyakazi wapate pa kulala, na humo majirani wasioelewana kwa lugha ya mama walielewana kwa Kiswahili.

Hoja iliyo nzito kuliko zote dhidi ya makumbusho ni ya pesa. Mama aliyelala sakafuni katika wodi ya wazazi hawezi kuelezwa kwamba shilingi za umma zimekwenda kununua sanamu. Naikubali hoja hiyo kwa moyo mmoja, na kama mpango wowote wa makumbusho unaanza kwa kumwaga zege la jengo jipya, lenye ukuta wa vioo na sahani ya shaba ya kumbukumbu ya mgeni rasmi, nitakuwa wa kwanza kuupinga. Lakini Jinja haina upungufu wa majengo. Ina mabohari matupu na karakana zilizonyamaza ambazo kuta zake bado ni imara. Kinachokosekana ni mishahara ya watu wachache wenye ujuzi, vinasa sauti, rangi, mbao, na nidhamu ya kufungua mlango kila siku saa zilezile. Hizo si gharama za kuinyima hospitali kitanda. Na tusisahau kwamba mwaka 2023 nchi hii ilipata sheria mpya ya makumbusho na kumbukumbu za kale, kuchukua nafasi ya ile ya mwaka 1967, iliyotungwa viwanda vya Jinja vikiwa bado vinanguruma na hakuna aliyefikiri kwamba siku moja navyo vitakuwa kumbukumbu.

Hoja ya pili inauma zaidi, na watu wa makumbusho wamezoea kuikwepa: huu ni urithi wa nani? Reli ya kutoka Mombasa hadi Kisumu, iliyojengwa kati ya mwaka 1896 na 1901, ilitumia vibarua karibu 32,000 kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Pamba ya Busoga ililimwa kwa sababu kodi ya kichwa ilitakiwa kulipwa kwa fedha, na fedha haikupatikana penginepo. Bwawa liliyameza maporomoko ya Ripon, mahali palipokuwa na heshima yake kwa Wasoga karne nyingi kabla ya mpelelezi Mwingereza Speke kupafikia mwaka 1862. Anayeuliza kwa nini tusherehekee mambo hayo ana haki ya kuuliza. Jibu langu ni kwamba kusherehekea kazi si kumsifu aliyekuwa akiisimamia. Tukimwachia mkoloni historia ya viwanda kwa sababu yeye ndiye aliyekata utepe, tunamwachia pia jasho la babu zetu. Fundi aliyepanda kwenye jukwaa la mbao kuponda mwamba wa Nile hakuwa mgeni wa historia hii.

Na hapo ndipo mwaka 1972 unapokuja, utake usitake. Idi Amin alipotoa amri ya siku 90, makumi ya maelfu ya watu wenye asili ya Asia waliondoka nchini, na Jinja ilitikisika pengine kuliko mji wowote mwingine. Maduka ya barabara kuu yalibadilika wenye mali kwa kalamu. Kakira iliporomoka, na familia ya Madhvani haikurudi kuifufua mpaka miaka ya 1980. Hadithi hii husimuliwa kwa namna mbili: ya huzuni ya waliofukuzwa, au ya hasira juu ya mishahara na dharau za kabla yake. Zote mbili zina ukweli. Ila yuko mtu wa tatu asiyesimuliwa kabisa, naye ni yule msaidizi wa fundi aliyeamka asubuhi moja akakuta bosi hayupo, vipuri haviji, msimamizi mpya amevaa sare za jeshi, na mashine inamtazama yeye. Alijua kidogo alichokiona kwa macho begani kwa fundi wake, na kwa kidogo hicho aliiendesha mashine miaka mingine kadhaa. Makumbusho yatakayoogopa kumweka mtu huyu katikati ya chumba, kwa kuhofia kuwaudhi wenye viwanda au wanasiasa, hayatakuwa yamefanya kazi yake.

Hoja dhaifu kuliko zote, ingawa ndiyo inayopigiwa makofi mengi, ni ile isemayo kwamba urithi wa Mwafrika ni ngoma, makaburi ya wafalme na nguo za magome, na kwamba viwanda ni mambo ya kuletwa. Nawaomba wanaosema hivyo waende Kibiro, ukingoni mwa Ziwa Albert. Pale wanawake wamekuwa wakivuna chumvi kwa takriban miaka 900: hutandaza udongo juu ya ardhi yenye maji ya chumvi ya chemchemi za moto, hungoja jua liukaushe, huukwangua, huuchuja, kisha huchemsha maji yake mpaka chumvi ibaki. Kila bustani ya chumvi ina mwenyewe, na hurithiwa na mwanamke kutoka kwa mwanamke. Kama hicho si kiwanda, basi sijui kiwanda ni nini. Chukua hata hiyo lubugo, nguo ya magome wanayoitaja. Gome la mti wa mutuba huvuliwa, mti hufungwa majani ya mgomba ili ujiponye, kisha gome hupondwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji ya ukubwa tofauti, kuanzia ile ya mifereji mipana hadi ile ya mifereji myembamba, hadi linapanuka na kulainika. Zana maalumu, hatua zenye mpangilio, mafundi wanaofundishana, soko. UNESCO ilipoitambua kazi hiyo mwaka 2005 ilitambua ujuzi wa mikono, haikutambua kitambaa peke yake. Mfuma nguo wa Jinja na mponda lubugo wa Buganda ni ndugu, na anayewatenganisha amekubali mgawanyo uliochorwa na mkoloni: Mwafrika apewe mila, Mzungu apewe mashine.

Mwaka jana nilikaa na mzee mmoja wa Walukuba aliyefanya kazi ya kufuma katika kiwanda cha nguo tangu miaka ya 1960. Alinitolea kutoka chini ya kitanda kijiti cha mbao ngumu, kirefu kama kiganja na nusu, chenye ncha za chuma pande zote mbili na uwazi katikati wa kuweka uzi. Ndicho kinachorushwa huku na huku kupitisha uzi wa mshindio, ule wa mapana, kati ya nyuzi za mtande, zile za urefu. "Sisi tulikiita mtumbwi," akasema. Mbao yake ilikuwa imeng'aa kwa kushikwa, na upande mmoja ulikuwa na kibonyeo kidogo pale ambapo kidole gumba chake kilikaa miaka yote ile. Nilipouliza swali nikiwa nimeinama kuandika, hakunijibu. Nilidhani ameudhika. Kisha akanigusa begani: "Mwanangu, niangalie ukisema." Katika ukumbi wenye mamia ya mashine za kufuma hakuna sikio linalosikia neno, kwa hiyo wafumaji walijifunza kusomana midomo, na walikuwa na ishara za mikono za kila kitu: uzi umekatika, msimamizi anakuja, leo mshahara. Masikio yake yalibaki kule kiwandani. Macho yake bado yanasoma midomo, na ile lugha ya mikono, aliponionyesha kidogo, ilikuwa na haraka na uzuri wa dansi. Alisema wamebaki watatu anaowajua wanaoweza kuongea kwa lugha hiyo.

Sasa niambieni, kabati gani la kioo litaihifadhi lugha ile? Kijiti unaweza kukiweka ndani, ukaandika mwaka na jina. Ishara za mikono haziwekeki. Anayeweza kuzipokea ni mcheza dansi, mchoraji anayejua kukamata mwendo wa kidole, mpiga filamu mwenye subira. Ndiyo maana nasisitiza sanaa. Siitaki sanaa kama pambo la kufanya mashine zipendeze. Naitaka kwa sababu ujuzi mwingi wa kazi haukuwahi kuandikwa popote na hauandikiki. Wala si ndoto ya mbali. Mwaka 2022, Uganda iliposhiriki kwa mara ya kwanza maonyesho ya sanaa ya Venice ikiwa na banda lake, kazi za Acaye Kerunen na Collin Sekajugo zilitajwa kwa heshima na majaji, na Kerunen hujenga kazi zake kutokana na ususi wa wanawake wa vijijini. Chuo cha sanaa cha Makerere, kilichoasisiwa na Margaret Trowell mwaka 1937, kimetoa vizazi vya wachongaji na wachoraji. Hawa wanakaa Kampala wakisubiri wanunuzi. Jinja, kwa mwendo wa gari wa saa mbili hivi, ina hadithi zisizo na mchoraji.

Busoga imewahi kufanya jambo hili, tena bila kulipanga. Mafuriko ya mwanzoni mwa miaka ya 1960 yalipoizamisha bandari ya Namasagali, reli ikakosa meli za kupokea mizigo yake, na mabohari na majengo ya bandari yakabaki matupu. Katikati ya muongo ule yakageuzwa shule, na shule ile ikaja kujulikana nchi nzima kwa muziki, dansi na maigizo. Bohari la pamba likawa jukwaa. Leo eneo hilo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Busitema. Nairobi nako, makumbusho ya reli yaliyofunguliwa mwaka 1971 yalimpa nafasi mchoraji Patrick Mukabi, na studio yake ya Dust Depo ikawafunza uchoraji vijana wengi kando ya mabehewa ya zamani. Wapenda maendeleo hutuonyesha zaidi mfano wa Cape Town, ambako maghala ya nafaka ya bandarini yalichongwa ndani na kuwa makumbusho makubwa ya sanaa mwaka 2017. Ni jengo la kustaajabisha, lakini sidhani ndilo tunalolihitaji. Nikilazimika kuchagua, nachagua vumbi la Nairobi, pale kijana wa mtaani alipoweza kuingia na kushika brashi.

Hapa lazima niwakosoe na wa upande wangu. Kila mkutano wa kutetea urithi wa Jinja huanza na utalii na kumalizia na utalii: dola zitakuja, vijana watapata ajira ya kuongoza wageni. Mgeni anayekuja Jinja anakuja kwa ajili ya mto, apige makasia katika maji ya kasi na asimame kwenye chanzo cha Nile. Huenda akaingia makumbusho mvua ikinyesha. Nyumba inayomngoja mgeni wa namna hiyo itafunga milango msimu wa kwanza ambao wageni hawakuja, kama tulivyoona wakati wa korona, na itaandika vibao vyake vyote kwa Kiingereza ili mgeni aelewe, huku mjukuu wa mkata miwa akisimama mbele yake haelewi.

Suala la lugha si dogo. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Uganda, na tangu hapo kuna watu wanaokitafutia walimu na vitabu kana kwamba kinashuka leo kutoka mpakani. Kiswahili kiliingia na gari moshi na kikaingia jikoni. Mganda anayekula posho kila siku anatamka neno la kiwandani na shambani: posho ilikuwa unga wa wiki aliopimiwa kibarua, na jina la mgao likawa jina la chakula. Kibarua cha siku moja moja kinaitwa lejjalejja kwa Kiganda, na sikio la Mswahili linasikia "rejareja" mara moja. Cherehani imekuwa ekyalaani. Fundi ni fundi kila mahali. Kuna watu waliofundishwa Kiswahili cha amri na cha kiboko, na chuki yao naielewa. Wengi wetu tulikisikia kwanza kwa askari kwenye kizuizi cha barabarani. Lakini kilikuwa pia lugha ya zamu ya usiku, ya kukopeshana sukari ukutani Walukuba. Makumbusho yatakayozungumza Kisoga na Kiswahili yatakuwa yanamrudishia mfanyakazi sauti yake, na kwa wale wanaokiogopa Kiswahili yatakuwa somo zuri kuliko semina yoyote.

Yote haya yana saa yake. Ujenzi wa reli mpya utakuja na matingatinga, fidia na mafundi wa kupima ardhi, na biashara ya vyuma chakavu imekwisha kula mataruma na vipande vya minara ya umeme katika nchi hii. Kabla kipande chochote cha reli ya zamani hakijang'olewa Busoga, mkataba unapaswa kusema nani anakipima, nani anakipiga picha, na kipande kipi kinakabidhiwa wachongaji badala ya kwenda kwenye tanuri. Wenye viwanda wafungue masanduku ya madaftari ya mishahara na picha za zamani walizonazo. Hakuna anayewadai mali, tunawadai majina. Miwa ya Busoga bado inakatwa kwa mkono hadi leo, na ugomvi juu ya mashamba ya chakula kumezwa na miwa bado ni mbichi, kwa hiyo chumba cha sukari kiwe na wakulima wa sasa pia, pamoja na malalamiko yao. Lakini mambo hayo yote yanaweza kungoja mwezi au mwaka. Kijana aliyeajiriwa akiwa na miaka 20 mwaka 1956, umeme wa bwawa ukiwa mpya, alizaliwa mwaka 1936. Wangapi wamebaki?

Nilimuuliza mzee wa Walukuba kama angekubali kukaa stesheni siku za Jumamosi, awafundishe vijana wa dansi na uchoraji zile ishara za mikono. Alinitazama midomo mpaka nikamaliza. Akasema yuko tayari hata wiki hii, na wale wenzake wawili atawaambia mwenyewe. Isipokuwa miguu yake haifiki stesheni siku hizi, kwa hiyo itabidi apatikane mtu wa kulipa boda.